MTI UFANANAO NA MNAZI WALA SI MNAZI
Habari za kisambo, mtapo na majina yao

Mtu aliyelelewa Kalama, katika Machakos, hana haja ya kufundishwa habari za mkindu. Ameuona tangu utoto wake ukiota kandokando ya vijito, mahali penye unyevu usiokauka upesi, nao una shina jembamba, makuti yenye miiba chini yake, na vishada vya matunda madogo. Akisafiri kwenda Mombasa kwa barabara kuu atapita Makindu, mji uliopata jina lake kwa sababu ya mikindu iliyoota karibu na mto wa hapo. Akiendelea mbele, akapita Kibwezi, Mtito Andei na Voi, atafika Maungu, kituo kidogo cha reli na barabara. Karibu na kituo hicho ataona vilima vimesimama peke yake katikati ya nyika kavu.

Juu ya vilima vile umo mti mwingine ambao mtu akiutazama kwa mbali ataapa kwamba ni mkindu mnene, au mnazi uliokataa kurefuka. Wenyeji huuita kisambo. Lakini si mkindu, si mnazi, wala hauna udugu na mtende, mvumo au mkoma. Ni mti wa jamii nyingine kabisa, jamii ya kale sana, na katika nchi nzima ya Kenya ni miti michache ambayo jina lake limekuwa na matata kama ule. Tena matata hayo si ya vitabuni tu. Kosa la jina laweza kumtia mtu sumu tumboni, na laweza vilevile kuumaliza mti wenyewe.

Mkazi wa Kalama ataelewa upesi kwa nini mti kama huo umejificha juu ya vilima. Yeye ajua kwamba nchi ya chini yaweza kuwa imekauka kwa jua hali juu ya kilima kuna ukungu wa asubuhi, na majani yanadondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Vilima vya Maungu ni hivyo hivyo. Upepo utokao baharini hupanda juu yake, hupoa, na kugeuka ukungu, na ukungu huo hulisha msitu mdogo uliozungukwa na nyika pande zote. Msitu wa namna hiyo ni kama kisiwa. Mmea ulio juu yake hauna njia ya kuteremka na kuvuka nyika ili kwenda kuota juu ya kilima kingine. Ukikatwa hapo, umekatwa.

NAMNA YA KUUTAMBUA

Aliyeufananisha mti huu na mkindu asichekwe, maana hata mabingwa walikosea. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha desturi ya kuipa kila mimea majina mawili ya Kilatini, alipochapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1753 aliuweka ndugu mmoja wa mti huu pamoja na mitende. Mambo yanayofanana ni mengi. Mkindu na kisambo yote miwili ina makuti marefu yaliyopangwa kama taji juu ya shina lisilo na matawi. Yote miwili ina miiba sehemu ya chini ya kuti, mahali ambapo vijani hupungua na kuwa vifupi na vikali. Tena yote miwili ina miti dume na miti jike mbalimbali.

Lakini mtu akikaribia na kutumia mikono na macho yake, tofauti zitajitokeza. Achukue kijani kimoja cha mkindu akitazame pale kinaposhikana na uti wa kuti. Ataona kimekunjwa kama mfereji wa kupitishia maji. Kijani cha kisambo hakikukunjwa. Ni bapa, kigumu kama ngozi iliyokauka, na mara nyingi kina meno ya miiba pembeni. Jambo la pili ni jinsi majani yanavyotoka. Katika mkindu, mnazi na miti yote ya jamii hiyo, kuti jipya hutoka moja moja katikati, limefungwa na kuchongoka kama mkuki. Kisambo hukaa kimya muda mrefu, kisha hutoa makuti mengi kwa mara moja, duara nzima, yote laini na yote ya umri mmoja. Na baada ya kukomaa na kuwa magumu, mti hunyamaza tena.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mnazi hutoa maua, na maua huzaa matunda. Kisambo hakina ua wala tunda. Katikati ya taji lake huota kitu chenye umbo la gunzi la mahindi, ila ni kikubwa mno, kilichofunikwa kwa magamba yaliyopangwa safu kwa safu. Wenyeji wa Machakos ambao wameokota makoko yanayoanguka kutoka kwa misonobari iliyopandwa vilimani wanaweza kukifahamu kitu hicho, kwa maana msonobari ni ndugu wa kisambo kwa karibu zaidi kuliko mnazi. Miti dume hutoa magunzi membamba yaliyojaa vumbi la mbegu. Miti jike hutoa magunzi manene, na kila gamba huficha mbegu zenye ngozi laini yenye rangi ya kuvutia.

Wataalamu wa zamani walidhani kwamba vumbi hilo huchukuliwa na upepo tu, kama lile la msonobari. Uchunguzi wa miaka ya karibuni, hasa Afrika Kusini na Australia, umeonyesha kwamba kazi hiyo katika aina nyingi hufanywa na wadudu wadogo wa jamii ya fukusi, ndugu wa wale wanaomharibia mkulima mahindi ghalani. Gunzi la dume hupata joto lake lenyewe wakati wa kukomaa, likatoa harufu kali, na fukusi wakaja kula na kuzaa ndani yake. Kisha hubeba vumbi mwilini mpaka kwenye mti jike. Pasipo mdudu huyo mti jike utatoa gunzi zuri, lenye mbegu nzuri kwa macho, wala hapana hata moja itakayoota.

Mizizi nayo ina ajabu yake. Mingine haishuki chini bali huelekea juu, ikagawanyika kama matumbawe ya baharini, na ndani yake huishi viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua hewa na kuigeuza kuwa mbolea. Mkulima wa Kalama anayepanda kunde na maharagwe kati ya mahindi anatumia jambo lililo karibu na hilo, ingawa viumbe vilivyo katika mizizi ya kunde ni vya namna nyingine. Hii ndiyo sababu mojawapo ya mti kama kisambo kuweza kuishi penye mawe, mahali ambapo miti mingine hukataa.

Mara nyingi husemwa kwamba miti hii iliishi na wale wanyama wakubwa wa kale waliokwisha kutoweka. Jamii yake, kweli, ni ya kale kupita hesabu ya kawaida: mawe yenye alama za majani yake yanapita umri wa miaka milioni 250. Lakini haifai kudhani kwamba kila mti tunaouona leo umebaki vile vile tangu siku zile. Mwaka 2011 wataalamu waliochunguza vinasaba vya aina nyingi duniani walitoa habari kwamba aina nyingi zilizopo sasa zilitokea katika muda wa miaka milioni 12 hivi iliyopita. Ukoo ni wa kale. Watoto si wazee kama ilivyodhaniwa.

MAJINA NA WALIOYATOA

Watu wa pwani wana neno lao la zamani, mtapo, ambalo huitia miti ya jamii hii inayoota karibu na bahari. Neno hilo linatosha kabisa kwa Kiswahili, na katika makala haya jamii yote itaitwa mitapo. Lakini yapasa kujua kwamba chini ya neno hilo moja imo miti ya namna mbili. Mmoja ni ule ambao wataalamu huuita Cycas thouarsii, wenye majani laini yasiyo na miiba ya pembeni, unaopatikana pwani ya Afrika ya Mashariki, Visiwa vya Komoro na Bukini. Mwingine ni wa kundi la Encephalartos, kundi la Afrika peke yake, na kisambo kimo humo.

Jina la Cycas lenyewe ni kosa la mwandishi. Theophrastus, Myunani wa kale aliyeandika habari za mimea, alitaja mtende mmoja kwa jina ambalo katika Kiyunani lilikuwa koikas. Mtu aliyenakili kitabu chake kwa mkono hakuiona vema herufi, akaandika kykas. Kosa hilo likasomwa na kunakiliwa tena, mpaka likafika kwa Linnaeus, naye akalitwaa na kulipa mti ambao si mtende hata kidogo. Kwa hiyo mti uliofananishwa na mtende kwa makosa ukapewa jina la mtende lililoandikwa kwa makosa, na mpaka leo vitabu vyote vya dunia vinalitumia.

Encephalartos ni neno lililotungwa na Mjerumani Lehmann mwaka 1834, kwa kuunga maneno ya Kiyunani yenye maana ya “mkate ndani ya kichwa.” Sababu yake ni hii. Mswidi mwingine, Thunberg, aliyesafiri Afrika Kusini katika miaka ya 1770, aliwaona wenyeji wa huko wakitoa moyo wa shina la mti huu, wakauzika ardhini muda mrefu, kisha wakaukanda na kuoka mkate. Basi jina la Kiyunani linalosomwa leo katika vyuo vikuu vya dunia limebeba ndani yake kazi ya mikono ya Waafrika, ingawa majina yao wenyewe hayakuandikwa.

Baada ya hapo majina ya aina mbalimbali za Kenya yalikuja moja moja. Mtapo wa pwani wenye miiba uliitwa Encephalartos hildebrandtii mwaka 1874 huko Ujerumani, kwa heshima ya Johann Maria Hildebrandt, kijana aliyekusanya mimea Unguja na pwani. Huyu si mgeni kabisa kwa Ukambani. Mwaka 1877 alitoka Mombasa akitaka kuufikia Mlima Kenya, akafika Kitui, na hapo ikambidi kurudi nyuma. Alikufa Bukini mwaka 1881, umri wake miaka 34 tu. Mti wenye jina lake huonekana hata leo katika misitu ya Kwale, na katika baadhi ya kaya za Wamijikenda, mahali ambapo miiko ya wazee imeuhifadhi kuliko sheria yoyote iliyoandikwa.

Mwaka 1957 Mwingereza Ronald Melville, aliyefanya kazi katika bustani ya Kew karibu na London, alizipambanua aina nyingine mbili. Ule mkubwa wa milima ya kaskazini, katika nchi ya Wasamburu, akauita tegulaneus, kutokana na neno la Kilatini la kigae cha kuezekea, kwa kuwa magamba ya gunzi lake hulaliana kama vigae vya paa. Ule wa nchi ya Wamasai, karibu na mpaka wa Tanzania, akauita bubalinus, kwa sababu ya rangi yake inayofanana na ngozi ya nyati iliyotengenezwa. Majina haya hayakuchukua neno lolote la Wasamburu wala la Wamasai, ingawa watu hao walikuwa wakiiona miti hiyo kila siku wakichunga ng’ombe wao.

Mti wa Maungu ulikawia. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ni aina mojawapo ya hizo zilizokwisha kutajwa. Hatimaye, mwaka 1989, wataalamu wawili, Robert Faden na Henk Beentje, walitangaza katika jarida la Makumbusho ya Taifa ya Kenya liitwalo Utafiti kwamba ni aina ya peke yake, nao wakauita Encephalartos kisambo. Hawakutafuta Kilatini wala Kiyunani. Walilichukua neno la wenyeji kama lilivyo. Karibu na wakati ule ule wataalamu wengine, Moretti, Stevenson na Sclavo, nao walikuwa wameuona mti huo kuwa ni mpya, wakauita voiensis, yaani wa Voi.

Katika jambo hili iko sheria iliyokubaliwa na wataalamu wa mimea wa dunia nzima: mti mmoja hauwezi kuwa na majina mawili halali, na jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalosimama. Kisambo kilitangulia. Basi voiensis sasa huandikwa chini, kama jina lililopitwa, na mwanafunzi wa Tokyo au wa Chicago akitaka kuuandika mti huo hana budi kutumia neno la watu wa Maungu. Yafaa kusema kwamba hilo ni jambo la haki, na lingefanyika mara nyingi zaidi kama watu waliotangulia kuandika wangalikuwa na desturi ya kuwauliza wenyeji.

MKATE WENYE SUMU

Jina la “mkate ndani ya kichwa” limewadanganya wengi. Wanaouza miti ya mapambo mijini nao wameongeza kosa, kwa kuuita mtapo wa Japani, Cycas revoluta, unaopandwa mbele ya mahoteli na nyumba za Nairobi, “mtende wa sago.” Sago ya kweli ni unga utokao katika shina la mtende wa visiwa vya mashariki ya mbali. Mitapo nayo ina wanga mwingi, lakini wanga huo umechanganyika na sumu inayodhuru ini na mishipa ya fahamu. Mbegu zina sumu, shina lina sumu, na majani pia. Mifugo inayokula majani machanga huweza kupooza miguu ya nyuma.

Mfano mmoja unajulikana vizuri. Mwezi wa Oktoba 1901, wakati wa vita vya Makaburu na Waingereza, jemadari Jan Smuts na wapanda farasi wake walijificha katika milima ya Zuurberg, Afrika Kusini. Walikuwa na njaa kali. Wakaona mbegu za mtapo wa huko, na wengi wakala bila kujua namna ya kuzitengeneza. Muda si muda walianguka chini wakitapika na kugaagaa kwa maumivu, na Smuts mwenyewe akawa miongoni mwa waliougua vibaya zaidi. Walipona, lakini adui angaliwakuta saa ile habari yao ingalikwisha. Smuts huyo ndiye aliyekuja Afrika ya Mashariki mwaka 1916 kuongoza majeshi ya Waingereza dhidi ya Wajerumani, akapita kwa reli ya Voi na Maktau, pamoja na maelfu ya askari na wapagazi wa Afrika, Wakamba wakiwamo. Vilima vya Maungu havikuwa mbali na njia yake.

Wazee wa pwani walijua jambo ambalo Smuts hakulijua. Wakati wa njaa walitumia mbegu za mtapo, lakini si kabla ya kuzikausha, kuziloweka na kuzichachusha kwa siku nyingi, kwa utaratibu waliofundishana kutoka kizazi hadi kizazi. Ukambani pia njaa haikusahauliwa. Kila njaa kubwa ilipewa jina lake, kama Yua ya Ngomanisye ya miaka ya mwisho wa karne ya 19. Mtu mwenye njaa hula kile anachofikiri anakijua. Hapo ndipo hatari ya mfano wa mkindu inapokuja: tunda la mkindu lafaa kuliwa, na mtoto aliyezoea kuliokota, akiona mbegu nyekundu za mtapo katika bustani ya mjini, haoni sababu ya kuogopa. Ngedere na hondohondo hula nyama nyembamba ya nje tu, wakautupa moyo wa mbegu. Mtu asijaribu kufanya utengenezaji wa sumu hiyo kwa kubahatisha. Ujuzi wenyewe sasa umebaki kwa wachache sana, na hauwezi kujifunzwa kwa kusoma gazeti.

MUME ASIYE NA MKE

Kwa kuwa mti dume na mti jike ni mbalimbali, haitoshi kusema kwamba miti kadhaa imebaki mahali fulani. Yapasa kuuliza: dume ngapi, jike ngapi, na je, ziko karibu kiasi cha fukusi kuweza kusafiri kati yake?

Mwaka 1895 John Medley Wood, mkuu wa bustani ya mimea ya Durban, aliuona katika msitu wa Ngoye, nchi ya Wazulu, mtapo ambao hakuwahi kuuona mwingine wa namna yake. Ulikuwa mmoja tu, wenye mashina kadhaa yaliyotoka pamoja, nao ulikuwa dume. Uliitwa Encephalartos woodii. Watafutaji wamezunguka msitu ule na mingine tangu wakati huo, na hakuna jike hata mmoja aliyeonekana. Mashina yaliondolewa, mengine yakapandwa Durban, moja likapelekwa Kew mwaka 1899, na la mwisho likang’olewa mwaka 1916. Leo miti ya woodii iko katika bustani nyingi za dunia, lakini yote ni machipukizi ya mume yule yule. Kila mwaka baadhi yake hutoa magunzi, vumbi linamwagika, wala hapana mahali pa kwenda.

Kule Kew uko mtapo mwingine wa Afrika Kusini ulioletwa na Francis Masson mwaka 1775, ambao husemwa kuwa ndio mmea wa zamani kuliko yote duniani inayoishi katika chungu. Katika miaka zaidi ya 200 ya kukaa kwake huko, habari iliyoandikwa ni ya gunzi moja tu, la mwaka 1819. Hivyo ndivyo ulivyo mwendo wa miti hii, haina haraka. Na mahali unapotunzwa panaitwa Nyumba ya Mitende, ingawa mti wenyewe si mtende!

Kisambo hakijafikia hali ya woodii. Kinazaa, na mbegu zake huota. Lakini miti iliyoko vilimani ni michache, nchi yake ni ndogo, na umehesabiwa miongoni mwa mimea iliyo katika hatari ya kutoweka. Kukata msitu kwa ajili ya kuni na makaa kunauondolea kivuli na ukungu. Moto unaotoka nyikani huua miche. Na kuna wale wanaokuja na sururu.

WANAOKUJA NA SURURU

Mitapo mikubwa hununuliwa kwa fedha nyingi na watu wa mbali wanaotaka kupamba bustani zao. Mche huchukua miaka mingi sana kuwa na shina la kutazamika, basi mnunuzi asiye na subira humtuma mtu kuung’oa mti mzima porini. Mti huu wavumilia safari: ukikatwa makuti na mizizi unaonekana kama gogo tu, nao waweza kukaa wiki nyingi kabla ya kupandwa tena. Afrika Kusini imeumia kwa wizi huo kuliko nchi yoyote. Aina kadhaa za huko hazipatikani tena porini, na mwaka 2014 wezi waliingia hata katika bustani ya taifa ya Kirstenbosch, Cape Town, wakang’oa zaidi ya miti 20 ya aina moja iliyo adimu.

Mataifa yamefanya mkataba juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa sahihi Washington tarehe 3 Machi 1973, na Kenya ni mmoja wa waliojiunga nao. Katika mkataba huo Encephalartos zote, kisambo kikiwamo, zimo katika orodha ya kwanza, ile yenye ulinzi mkali kabisa, pamoja na pembe za faru. Kuuza nje ya nchi mti uliong’olewa porini hakuruhusiwi. Cycas, karibu zote, zimo katika orodha ya pili, ambayo huruhusu biashara kwa hati maalumu. Mitende mingi haimo katika orodha yoyote.

Hapa ndipo jina linapokuwa na uzito wa fedha na wa kifungo. Gogo moja lisilo na makuti likifika bandarini Mombasa na hati iandikwayo “mtende,” na mkaguzi akaamini hati, limepita. Likiandikwa “Cycas,” huulizwa karatasi moja. Likitambuliwa kuwa ni Encephalartos, limekamatwa. Mti ni ule ule. Tofauti ni neno moja, na mtu aliyesimama pale kama anajua kutazama makovu ya makuti yaliyofunika shina, na mabaki ya miiba, au hajui. Kwa sababu hiyo wauzaji wa miche waliopanga vikopo vyao kando ya barabara za Machakos na Nairobi, wanaosema “hii ni palm” kwa kila mti wenye makuti, wanafanya kosa kubwa kuliko wanavyodhani, hata kama hawana nia mbaya.

Mtu wa Kalama anayetaka mtapo nyumbani kwake hakatazwi kutamani, maana ni mti mzuri, unaostahimili jua na ukame. Anunue mche ulioota kutokana na mbegu, kutoka kwa muuzaji anayeweza kuonyesha ulikotoka, na akatae gogo lolote lenye udongo wa porini. Akiuona mti wenye alama zilizoelezwa hapo juu katika korongo au juu ya kilima, auache mahali pake, na habari aipeleke kwa maofisa wa misitu au wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, pamoja na picha ya kuti, ya shina na ya gunzi kama lipo. Aandike pia jina ambalo wazee wa mahali hapo wanauitia, kwa maana jina la kisambo liliingia vitabuni kwa kuwa mtu fulani aliuliza.

Mbegu hupandwa katika mchanga, kwanza ikivuliwa nyama yake ya nje kwa mikono iliyovikwa mfuko au glavu, na kulazwa nusu ndani ya mchanga, nusu nje. Isitiliwe maji mengi. Kuota kwake huchukua miezi, na kuti la kwanza hutokea peke yake, moja tu. Mwenye mti atangoja miaka mingi kabla ya gunzi la kwanza kuonekana, na mpaka siku hiyo hawezi kujua kama alipanda dume au jike.